Fomu ya Kumwazima Mama

Yote yatakayosimuliwa hapa ni kweli tupu, tangu herufi ya kwanza hadi nukta ya mwisho. Msimulizi anaapa kwa meno yake yaliyobaki, ambayo si mengi lakini yote ni yake. Asiyetaka kuamini aache sasa hivi akaangalie sufuria yake jikoni, maana humu hamkutiwa chumvi hata punje moja.

Ilikuwa Jumanne, saa mbili na nusu asubuhi, na mlinzi wa Chumba cha Tatu katika jumba la makumbusho alikuwa amekaa kwenye kiti chake akimenya yai la kuchemsha juu ya kitambaa. Kula ndani ya vyumba vya maonyesho kulikatazwa. Lakini wageni hawakuingia mpaka saa tatu, na yeye alikuwa na tabia ya kuokota maganda yote, hata lile jembamba la ndani, akayafunga na kuondoka nayo. Alikuwa na miaka hamsini na minane. Kwa miaka ishirini na sita alikuwa amekaa papo hapo, akilinda ngoma, vigoda, mlango wa kuchongwa, mikoba ya ngozi na ramani mbili za karatasi zilizochorwa kwa wino wa kahawia. Wenzake walimwita Mama Shwari, kwa sababu siku kengele ya moto ilipolia kwa makosa, alimaliza kwanza kufunga vifungo vya sweta lake ndipo akatoka.

Sweta alilivaa kwa ajili ya viyoyozi. Vilikuwa vinne juu ya paa, kila kimoja na ukubwa wa kabati la nguo, na vilivuma mchana na usiku mwaka mzima. Kitabu cha kanuni, kilichoandikwa na watu wa nchi za baridi, kilisema vitu vya kale vikae kwenye digrii ishirini na moja na unyevu wa nusu kwa nusu, na sindano ya kipimo isitikisike. Ngoma iliyopigwa miaka themanini juani na mvuani, ikaanikwa kando ya moto kila ilipolegea, sasa ilitunzwa kama mtoto njiti. Viyoyozi vikishika kasi, taa za mtaa mzima zilififia. Kinyozi wa ng'ambo ya barabara alikuwa na wateja waliozoea kwenda kazini na nusu ya kichwa, wakarudi jioni kumaliziwa.

Asubuhi hiyo kiyoyozi cha Chumba cha Tatu kilikohoa mara mbili, kikatema maji, kikanyamaza.

Mtunza rejesta alikuja mbio na kipimo mkononi. Yeye ndiye aliyeandika kila kitu kilichoingia na kutoka humo jumbani, mwanamke mwembamba, mwaminifu mpaka anaudhi. Aliwahi kuchelewa dakika nne akajiandikia barua ya onyo, akaipokea, akaisaini. Alisimama katikati ya chumba akisubiri sindano ipande. Haikupanda. Akasubiri saa nzima. Saa nne Mama Shwari alikwenda kunywa chai, na sindano ikapanda kama iliyoitwa juu. Aliporudi na kukaa, ikashuka. Mtunza rejesta akamwomba aende tena uani. Akaenda, ikapanda. Akamwita. Akarudi, ikashuka.

"Mama, hii umeanza lini?" akamuuliza.

"Ipi?"

"Hii ya kutuliza hewa."

Mama Shwari alifikiri kidogo. "Toka zamani tu," akasema. "Sikujua kama mnaihitaji."

Ilikuwa hivyo. Kwake mkate ulikaa wiki mbili bila kukauka wala kuota ukungu. Majirani walimletea chumvi iliyolowana ilale kwake siku moja, wakaichukua kesho yake ikiwa inatiririka. Marehemu mumewe alivaa jozi moja ya viatu vya ngozi kutoka ndoa hadi kaburini, na havikupata ufa. Watu waliona ni mama mwenye mkono mzuri wa nyumba, basi.

Habari zilimfikia mkurugenzi wakati mwafaka. Wiki moja nyuma alikuwa ametoka kwenye mkutano wa wakuu wa makumbusho, akarudi na mfuko wa kitambaa na uamuzi mmoja: maonyesho yao yasiendelee kuila dunia. Umeme usipotee ovyo, taka zisizalishwe ovyo. Alikuwa mtu mwema, mwenye shingo ndefu na sauti ya kusoma taarifa, na alichokisema alikimaanisha. Aliwakusanya wafanyakazi wote akawauliza nani ana wazo.

Seremala akainua mkono. Huyo aliitwa Msumari Mmoja, kwa sababu aliwahi kujenga maonyesho mazima kwa msumari mmoja, na huo wenyewe ulikuwa wa kutundikia koti lake. Wazo alikuwa nalo miaka kumi na moja, ila hakuna aliyewahi kumuuliza. Kila baada ya miezi mitatu, maonyesho yalipokwisha, kuta za plaiwudi zilivunjwa kwa nyundo, zikapakiwa malori mawili na mabango yao ya plastiki, zikapelekwa jalalani. Juma lililofuata zikaagizwa nyingine mpya, za vipimo vile vile. Msumari Mmoja alisema hiyo ni sawa na kuchinja ng'ombe ili upate mkia wa kufukuzia nzi.

Akapewa ruhusa, na alichokifanya hakijapata kuonekana. Aliunda kuta za mbao zilizoshikana kwa kabari tupu, bila gundi, bila skrubu. Ukizipiga kwa kiganja mahali panapohusika, zilifunguka zenyewe kama kitabu. Ukipitisha kidole kwenye maungio hukuona ubao mmoja unaishia wapi na mwingine unaanzia wapi. Maelezo hayakuchapwa kwenye plastiki. Aliyaandika kwa mkono, kwa rangi ya udongo, kwa mwandiko ambao watu walisimama kuutazama kabla ya kuusoma, na maonyesho yakiisha yalifutwa kwa kitambaa kibichi. Vyungu vilisafirishwa vimezungushiwa mablanketi chakavu badala ya lile povu jeupe la plastiki linaloruka na upepo mpaka kwenye pua za watu. Hata maranda hayakutupwa, yalijazwa kwenye mito ya kuegemezea vigoda. Kufikia maonyesho ya nne, mbao zenyewe zilishaijua kazi. Msumari Mmoja alifungua mlango wa ghala, akataja jina la maonyesho, na mbao zikatoka moja moja zikajipanga. Ilimbidi kuuelekeza ubao mmoja tu, mkaidi, uliotaka siku zote kusimama karibu na dirisha. Mwishowe akauachia dirisha.

Kilichobaki kilikuwa umeme, na hapo ndipo Mama Shwari alipoingia. Mkurugenzi alipima kwa hatua zake mwenyewe: utulivu ulifika hatua kumi na tisa kutoka kwenye kiti, kila upande. Kiti kikiwekwa kizingitini, vyumba vyote vitatu vilitosheka. Viyoyozi vikazimwa, vyote vinne, na jumba likawa kimya hivi kwamba wageni walisikia kwa mara ya kwanza mbao za sakafu zikisalimiana nao. Taa za mtaa ziliwaka sawasawa. Watu wakaanza kunyolewa vichwa vizima kwa mkupuo mmoja.

Makumbusho mengine yalituma wageni na madaftari. Walipima kutoka kitini hadi ukutani, wakaandika. Mmoja akauliza kama kazi hiyo inafanyika hata akifumba macho.

"Hata nikisinzia, baba," akasema Mama Shwari. "Ila nikiota ndoto za mvua sina dhamana."

Alijivunia, na alikuwa na haki. Alivijua vitu vyake kuliko wataalamu wote waliopita humo na miwani yao. Alijua kigoda kipi kilikuwa na ufa wa zamani uliolala na kipi kilikuwa na ufa unaowaza kuamka. Asubuhi alipoingia aliipitia ngoma kwa jicho moja na kujua ngozi imeamkaje. Sasa vitu hivyo havikuhitaji tena baridi, na vilionekana kunenepa.

Shida ilianza na ukaguzi. Wakaguzi walileta karatasi yenye swali: ni kifaa gani kinachodhibiti unyevu katika vyumba hivi, na kimeandikwa wapi? Mtunza rejesta hakuweza kuandika uongo, na hakuweza kuacha nafasi wazi. Alikesha na swali hilo siku mbili, macho yakamvimba. Siku ya tatu alifungua rejesta ya vifaa, akaandika kwa mwandiko wake wa kunyooka: *Kifaa namba 417. Kituliza hewa cha asili, kimoja, pamoja na kiti. Hali: nzuri. Ufa mdogo kisigino cha kushoto. Hutoa mlio wakati wa kusimama.* Kisha akamletea Mama Shwari asome.

Mama Shwari alisoma polepole, akaomba jambo moja tu, neno mlio libadilishwe liwe mguno. Likabadilishwa. Akafungiwa kibandiko cha namba kwenye kifungo cha sweta, kwa uzi wa pamba, kwa sababu waya ungeweza kumkwaruza. Na kwa kuwa kitu kimoja hakiwezi kuandikwa kwenye vitabu viwili, jioni hiyo hiyo jina lake lilifutwa kwenye orodha ya wafanyakazi. Wenzake walisema angalau sasa atafutwa vumbi kila Alhamisi, naye akasema ndiyo, mgongo humwasha.

Alikuwa na binti mmoja, aliyeolewa mji mwingine, safari ya siku nzima kwa gari. Binti huyo alikuwa ameharibikiwa na mimba mara mbili, na mara zote mbili alikuwa na mkunga, na majirani, na mume aliyesimama nje akizunguka kama kuku aliyepoteza kifaranga, lakini mama hakuwepo. Sasa alikuwa na ya tatu, imefika mwezi wa nane. Alimwambia mamake kwenye simu kwamba hataki kitu kingine chochote, si nguo za mtoto, si beseni, anataka mkono wa kushika. Mama Shwari alimwahidi. Ahadi hiyo aliitoa kabla hajawa kifaa.

Akaandika barua ya kuomba likizo ya siku tisa. Mkurugenzi alimwita ofisini, akamkalisha, akasikitika kwa dhati. Alimweleza kwamba likizo ni ya wafanyakazi, na kwamba yeye mwenyewe angependa mambo yawe vingine, lakini rejesta ni rejesta.

"Kifaa hakina likizo, Mama," akasema. "Ila kinaweza kuazimwa."

Mama Shwari alikunja barua yake mara nne akaitia mfukoni. Mlango wa mbele ulikuwa wazi na miguu ilikuwa yake. Lakini alipopita Chumba cha Tatu aliitazama ngoma, nayo ikamtazama. Viyoyozi vilikuwa vimekwisha shushwa paani vikiwa vipande vipande. Akiondoka hivi hivi, sindano ingepanda, na ngozi ile ingepasuka siku ya pili. Miaka ishirini na sita alikuwa ameiambia kila asubuhi ikae salama. Hakuwa mtu wa kuvunja ahadi moja kwa nyingine.

Jioni alimpigia bintiye akamweleza kuhusu fomu. Binti alicheka, kisha akawaka.

"Yaani nimwazime mama yangu mzazi kama ngazi ya jirani?"

"Jaza tu, mwanangu," akasema Mama Shwari. "Na uandike vizuri. Yule wa rejesta hapendi mfuto."

Fomu ilikuwa na kurasa sita. Binti aliijaza mezani, tumbo limemzuia kufika karibu, mumewe akimshikia karatasi. Palipoulizwa taasisi inayoazima, aliandika: familia. Palipoulizwa kifaa kitawekwa wapi, aliandika: chumba cha kulala, kando ya kitanda. Kiwango cha mwanga: dirisha moja, pazia la bluu. Je, kifaa kitaonyeshwa kwa umma? Aliandika kwamba majirani hawazuiliki. Madhumuni ya kuazima: kujifungua. Palipoandikwa uhusiano wa mwombaji na kifaa palikuwa na nafasi ndogo sana, ya neno moja, nalo lilitosha.

Jibu lilirudi baada ya juma. Ombi limekubaliwa kwa masharti matatu. Kwanza, vitu vya vyumba vitatu visidhurike wakati kifaa hakipo. Pili, kifaa kisafirishwe ndani ya sanduku linalofaa. Tatu, kiandamane na msindikizaji ambaye hatakiacha kitoke machoni pake, akiwa na kipimo.

Hapo watu wengi wangekata tamaa. Msumari Mmoja alisoma masharti hayo huku amesimama, akaguna, akaenda kumuuliza Mama Shwari ana masweta mangapi. Alikuwa nayo kumi na moja, moja kwa kila miaka miwili na ushei ya baridi. Fundi huyo alikuwa ameshaona kitu ambacho wengine hawakukiona. Mchana mmoja Mama Shwari alisahau sweta juu ya kigoda akaenda kula, na kipimo kilichokuwa hapo chini hakikujua kama ameondoka. Msumari Mmoja alikaa na sweta hilo na kipimo hicho ghalani, akihesabu siku. Sweta lilishika utulivu siku tisa. Siku ya kumi lilichoka.

"Tisa zinatosha?" akamuuliza.

"Mtoto akiwa na adabu," akasema Mama Shwari.

Basi ngoma ikavalishwa sweta la kijani, vifungo vyote. Vigoda vikafunikwa viwili viwili. Mlango wa kuchongwa ulihitaji masweta matatu yaliyoshikizwa kwa pini, na ramani zikalazwa kila moja ndani ya mkono wa sweta la sufu, kama zilivyotaka siku zote. Wageni waliokuja siku hizo walidhani ndiyo maonyesho mapya. Wengi walisimama mbele ya ngoma muda mrefu, na mwalimu mmoja alisema hajawahi kuelewa ngoma mpaka siku hiyo.

Sanduku alilitengeneza kwa siku nne. Hakununua hata kipande. Alichukua mbao zilizotumika katika maonyesho kumi na manne, mpaka zikawa na vivuli vya maneno ya zamani vilivyokataa kufutika, na katikati yake akauweka ule ubao mkaidi, maana sanduku lilihitaji dirisha na ubao huo ulijua kukaa karibu na dirisha. Ndani aliweka kiti, mto wa maranda, na mahali pa kuwekea kikombe. Kuta zilishikwa kwa kabari ili aliyemo aweze kuzifungua mwenyewe kwa kiganja, jambo ambalo kanuni hazikulitaja lakini Msumari Mmoja alilitaja mara tatu. Nje akachora mwavuli, bilauri na mshale, akaandika: *Juu ni Huku.* Mtunza rejesta alikagua kwa tochi, akatafuta kosa kwa muda mrefu, akakosa. Akasaini. Kisha, jambo ambalo halikuwamo kwenye fomu, akamtilia ndani chupa ya chai.

Walisafirishwa kwa lori la jumba. Msumari Mmoja alikaa kando ya sanduku, kipimo magotini, akiandika kila saa. Mama Shwari alikaa dirishani akiangalia mashamba, gereji na shule zikipita, na akasema kwamba kwa miaka yote hakuwahi kujua vitu vinaona mengi hivi vinaposafirishwa. Kwenye kizuizi cha barabarani askari alisoma maandishi, akauliza kuna nini ndani. Mama Shwari akamjibu mwenyewe kuwa ni yeye. Askari akaangalia mshale, akaona kweli juu ni huku, akawaruhusu.

Uchungu ulimshika binti siku ya sita, mchana. Mkunga alikuja na mkoba wake, akamkuta mama mwenye kibandiko cha namba ameketi kando ya kitanda, mkono wake umeshikwa kwa nguvu hata vidole vimebadilika rangi, na kwenye kizingiti mwanamume mzima amegeuza uso ukutani, ameshika kipimo nyuma ya mgongo wake. Mkunga hakuuliza. Alikuwa amezalisha miaka thelathini, na kila nyumba ina mambo yake. Alichokiona ni kwamba chumba kilikuwa na hewa nzuri kuliko vyote alivyowahi kufanyia kazi. Jasho lilikauka kabla halijaingia machoni. Pazia la bluu lilitulia.

Binti alisema hawezi. Mama Shwari akamwambia kwamba hata yeye alisema hivyo hivyo siku ya kumzaa, kwa maneno hayo hayo, na sasa tazama ni nani anayelalamika. Binti akacheka katikati ya uchungu, na katika kicheko hicho mtoto akapita.

Alikuwa wa kike, na alilia mara moja, kwa sauti ya mtu aliyekatizwa mazungumzo. Msumari Mmoja alitimiza wajibu wake. Aliandika kwenye daftari, na mtunza rejesta amelihifadhi mpaka leo: *Saa kumi na dakika ishirini alasiri. Unyevu umepanda. Muda: dakika tatu. Chanzo: kifaa chenyewe, machoni. Hatua iliyochukuliwa: hakuna.* Katika miaka yote ya kupimwa, hiyo ndiyo mara pekee sindano ilipotikisika mbele ya Mama Shwari. Msindikizaji naye alikuwa amelowa mashavu, lakini yeye hakuwa kifaa, hivyo hakuandikwa.

Siku ya tisa alirudi. Masweta yalikuwa yamefika mwisho wa nguvu zake. Lile la ngoma lilikuwa limeanza kufunguka kifungo cha juu. Akaketi kwenye kiti chake kizingitini, vyumba vitatu vikashusha pumzi, na hakuna ufa hata mmoja ulioamka. Mtunza rejesta alijaza karatasi ya marejesho: *Hali: kama kilivyoondoka, ila kinatabasamu.*

Na mkurugenzi, alipoyaona hayo yote, aliguswa sana. Aliomba rejesta iletwe, akachana ukurasa wa 417 mbele ya wafanyakazi, jina la Mama Shwari likarudishwa kwenye orodha ya watu, na tangu siku hiyo anapata likizo yake kila mwaka kama binadamu mwingine yeyote.

Hapo binti, aliyekuwa akisomewa haya yote huku akikunja nguo zilizotoka kambani, alisema, "Mzee, hapo umeanza uongo."

Msimulizi alijitetea. Alimuuliza mbona hakusema neno kwenye mbao zinazotoka ghalani zenyewe. Binti akajibu kuwa hizo aliziona kwa macho yake, na ule mkaidi sasa ni kizingiti cha dirisha lake. Na sindano? Ilikuwa chumbani kwake, kwa nini aikane? Na ngoma kuvaa sweta? Anayo picha.

"Lakini ukurasa haukuchanwa," akasema. "Hilo usiwadanganye watu."

Akafungua droo akatoa fomu ya mwaka huu, ya nne sasa. Madhumuni ya kuazima: mtoto anamuulizia. Imejibiwa kwamba ombi linashughulikiwa. Mwaka jana pia lilishughulikiwa, mpaka mwaka ukaisha. Jumba limepewa tuzo kwa kutunza mazingira, nalo linaistahili, kuta zake bado hazijawahi kuona jalala, na mkurugenzi katika hotuba yake alivishukuru vifaa vya asili. Makumbusho mengine mawili yaliomba kumwazima Mama Shwari yakakubaliwa ndani ya juma moja, kwa kuwa yana milango ya chuma na kamera. Binti ana pazia la bluu.

Msimulizi kashikwa, na aliyeshikwa, kama aliyeshindwa kitendawili, hutoa mji. Akampa binti mji huu huu uliosimuliwa, mzima mzima, na barabara zake, na jumba lake lililo kimya, na fundi asiyetupa ubao. Binti akaupokea, akaugeuzageuza, akauona ni mji mzuri. Akauliza kama na mama yake yumo.

Msimulizi akamwambia yumo, ila kwa huyo itabidi ajaze fomu.